Mshenga wa Bonde Jekundu

Mke asiyekasirika kwa miaka mitano ama ni mgonjwa ama si mke. Neno hilo nililisema waziwazi mbele ya Kibwana Mhando, naye akacheka, akadhani namtania. Na kweli nilikuwa namtania, ila nusu tu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni wangu, miguu kainyoosha, vumbi jekundu bado limemganda kwenye kope. Wachimba barafu wote wa Bonde Jekundu wako hivyo, waoge wasioge utawajua tu. Alikuwa amekuja nimtilie saini. Huku Mirihi mtu haongezi mkataba mpaka mshauri wa ustawi athibitishe kwamba akili yake imetulia, na mshauri wa Waswahili wote wa kituo kile nilikuwa mimi, Mwanaidi Shekalaghe. Wananiita Somo, kwa sababu kabla sijasomea ushauri nasaha nilikuwa kungwi wa maharusi kule Tanga, na ulimi wa kikungwi ukishakukaa haukutoki.

"Wewe tia saini tu, Somo," akasema. "Mimi sina tatizo. Hidaya mwenyewe karidhia."

"Karidhia vipi?"

"Nimemwambia nataka kuongeza miaka minne. Akasema nyumba iko kimya lakini ananiombea. Baada ya hapo tukaingia kwenye mambo ya machungwa." Uso wote ukamchanua. "Msimu huu michungwa yetu imezaa mpaka matawi yanagusa chini. Akachukua moja akawa analimenya huku tunazungumza. Nasikia mpaka ganda linavyochanika, Somo."

Hapo na mimi nguvu zikaniisha. Nilikulia Ngamiani, Tanga mjini, na machungwa ya Muheza yalikuwa yakitufikia kwenye matenga, bado yana majani. Bibi yangu alikuwa akimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linatoka refu halikatiki, kisha anakata kifuniko juu anakupa ufyonze. Maji yanakuteremkia mpaka kwenye kiwiko, nzi wanakuja, unapigiwa kelele ukanawe. Nilikuwa na miaka minane sijasikia harufu ile. Kantini yetu ina unga wa rangi ya chungwa unaokorogwa na maji, na ladha yake ni ile ya dawa ya kikohozi ya watoto. Nimeshawaambia wapishi, wananiangalia tu.

"Na hamgombani?" nikamuuliza. "Hata kidogo?"

"Tutagombanaje na Mshenga yupo?"

Akalisema hilo kwa fahari. Wengi walikuwa wakilisema hivyo.

Neno likitoka Duniani kuja Mirihi linakawia njiani. Sayari zikikaribiana ni dakika chache, zikiachana ni ishirini na zaidi. Unamwita mkeo, unakaa unangoja kama dakika ishirini na nne ndipo upate abee yako. Zamani watu walikuwa wakiachana kwa sababu ya kungoja tu. Ndipo Kampuni ikaleta mashine. Mashine inamsoma mkeo alivyo, sauti yake, kicheko chake, mambo anayoyapenda na yanayomuudhi, kisha inakaa huku na kuzungumza nawe papo kwa papo kwa sauti ileile. Mwenzake anakaa kule kwa mkeo, anazungumza naye kwa sauti yako. Kila siku mashine hizi mbili zinapeana habari, na kila moja inamfikishia mtu wake yaliyosemwa. Wageni wa mataifa mengine wana majina yao ya kuiita. Sisi tuliiita Mshenga, na tukaitaka ifanye kazi ya jina lake.

Maana mwanzoni ilikuwa inabeba maneno kama yalivyo. Mke akisema mwambie asinipotezee umri wangu, mume anaambiwa vivyo hivyo. Watu wa pwani wakaja juu. Mashine gani hii haina adabu, mshenga gani anabeba neno uchi? Malalamiko yakazidi mpaka Kampuni ikawaendea wazee wa Tanga, Mombasa na Unguja, watu waliozoea kupeleka posa na kusuluhisha ndoa, ikawaomba waifundishe. Wakaifundisha barabara. Neno kali lioshwe kwanza. Tusi ligeuzwe lalamiko, lalamiko ligeuzwe salamu. Ugomvi ukakoma, wagonjwa wa moyo wakapungua, Kampuni ikafurahi, nasi tukatamba kwamba hatimaye mashine imestaarabika.

Tulichosahau ni kimoja. Mshenga wa kweli akishaliosha neno kule ukumbini, hurudi kwa waliomtuma, akavua viatu, akakaa, akawaambia bila kuficha kwamba huko kumeharibika, jipangeni. Hilo la pili hakuna aliyeifundisha mashine.

"Nitakuita," nikamwambia Kibwana. "Sitii saini leo."

"Chombo cha kurudi kinaondoka Jumapili, Somo. Nisipokuwa na mkataba mpya watanipakia."

"Basi bado tuna muda."

Akaondoka amenuna kidogo. Mimi nikabaki nalihangaikia lile ganda la chungwa.

*

Ujumbe wa Mzee Kingazi ulinikuta zahanati. Ulipitia njia ya matabibu, ambayo Mshenga haiigusi. Ilitoka sauti ya mzee anayekohoa, na nyuma yake jogoo anawika. Niliurudia mara mbili, na mara ya kwanza, mtanisamehe, nilikuwa namsikiliza jogoo.

"Bi Mwanaidi, assalaam alaykum. Mimi naitwa Kingazi, niko Muheza. Ndimi mshenga niliyepeleka posa ya Kibwana Mhando kwa kina Hidaya. Hunijui, wala mimi sikujui, lakini nimeulizia nikaambiwa huko juu hana mtu mzima wa kwao isipokuwa wewe. Basi mimi nakuhesabu wewe ndiye upande wa mume, na neno hili nalileta kwako kama desturi inavyotaka."

Akakohoa, akasema samahani, akaendelea.

"Hidaya kaja kwangu. Mwaka mzima anamwambia mumewe arudi, au kama harudi ampe talaka yake, kwa sababu umri unakwenda na yeye anataka kuzaa. Kila akilisema hilo anajibiwa kwa upole na kuulizwa habari za machungwa. Sasa anaamini mumewe anamdharau. Mimi namjua yule kijana, ana mambo yake lakini dharau hana. Nikamwambia, mwanangu, nadhani maneno yako hayajafika. Akaniuliza, kama hayajafika yamekwenda wapi? Na mimi ni mmoja wa waliokwenda kuifundisha ile mashine."

Hapo jogoo akachukua nafasi.

"Ijumaa baada ya swala nitamleta kwenye kituo cha mawasiliano hapa Muheza, aseme kwa mdomo wake kwenye njia ya wazi, isiyopita kwenye ile mashine. Mimi nitakaa naye. Nakuomba wewe ukae na mwenzake."

*

Daktari Nafula Wekesa, mkuu wa ustawi, alinisikiliza akiwa amesimama. Ni mwanamke wa Bungoma, mrefu, kukaa hapendi, na Kiswahili chake hakizunguki. Hatupatani sana lakini namheshimu.

"Mama Mwanaidi, ukimwambia huyo mmoja, kesho nina watu mia tatu kwa mlango wanauliza bibi zao walisema nini kweli."

"Na wakiuliza?"

"Unamkumbuka Sefu Kilua?"

Nilimkumbuka. Mshenga yake iliharibika, na fundi mmoja kwa kumhurumia akamuunganisha kwenye njia ya wazi. Sefu akaisikia sauti ya mkewe yenyewe, ikimwambia yale ambayo ilikuwa imeyasema kwa miaka na hayakuwahi kumfika. Alitoka nje ya kuba la kituo bila kofia ya hewa. Tulimsalia kwenye ghala la barafu, maana ndipo palipokuwa na nafasi ya kupanga safu.

"Sefu alisikia akiwa peke yake," nikasema. "Yule fundi alimfungia mlango akaenda kula."

"Kwa hivyo tofauti ni wewe kukaa hapo?"

"Tofauti ni hiyo tu, daktari."

Akasugua paji la uso. "Siwezi kukupa ruhusa. Kanuni inasema mshauri hafichui yaliyopita kwa Mshenga bila kibali cha makao makuu. Na kibali kikija, chombo kitakuwa kimeenda."

"Nisipomwambia atatia sahihi miaka minne akidhani mkewe karidhia. Hapo anayemdanganya nani, mashine au mimi?"

Alizunguka meza, akachukua kikombe chake cha chai kilichokwisha kupoa, akasema, kana kwamba anazungumza na kikombe, kwamba njia ya wazi haijafungwa, mfanyakazi yeyote anaweza kuiomba, ni vile tu watu hawapendi kungoja. Kisha akatoka, akaniacha peke yangu ofisini mwake.

Sitajifanya nilikuwa shujaa. Niliogopa. Nilimwona Sefu kila nilipofumba macho, na baada ya Sefu nilimwona Kibwana na miguu yake aliyoinyoosha. Mtu yule alikuwa analala, anakula, anacheka, anachimba barafu tunayoyeyusha na kunywa sisi sote, na kilichomshika ni ile sauti. Nani kanituma nikaikate? Lakini kila nilipotaka kujikalia kimya nilimfikiria yule mwanamke wa Muheza, anasema, anasema tena, anabadili maneno akidhani labda hakuyapanga vizuri, na upande wa pili anajibiwa kwa upole. Nimewafunda wari wengi maishani mwangu. Nimewafundisha kusema na mume kwa ulimi laini. Sikumfundisha hata mmoja asisikike.

*

Kibwana nilimkuta bustanini. Bustani yetu ni handaki refu lenye taa, mchicha upande huu, nyanya upande ule, na ndiyo sehemu pekee katika kituo kizima yenye harufu ya udongo uliolowa. Watu huenda pale wakasimama tu, wakavuta pumzi. Ukifumba macho unaweza kujidanganya kwamba mvua imetoka kunyesha, mabati bado yanadondosha, na mtu anapita njiani kwa baiskeli anapiga kengele. Wakati mwingine najidanganya hivyo mpaka machozi yanitoke, kisha nachuma mchicha wangu narudi.

Nikamwambia yote, taratibu, bila kupamba. Nikampa salamu za Mzee Kingazi.

"Uongo," akasema.

"Mzee Kingazi ana haja gani ya kusema uongo?"

"Sijasema yeye." Akasimama. "Wewe Somo una kijicho. Mumeo kafa, huna wa kuzungumza naye, sasa hutaki kuona mtu ana mke. Ndiyo maana hata saini umeninyima."

Liliniuma. Mume wangu Salehe ana miaka tisa kaburini, na waliwahi kunishawishi wanitengenezee sauti yake, nikakataa, na siku nyingine najuta kukataa. Lakini sikuja pale kujitetea. Nikakaa kwenye ukingo wa tuta, nikamwacha amalize.

Alitembea mpaka mwisho wa handaki akarudi. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka.

"Kuna siku nilimtukana," akasema. "Nilitoka kazini nimechoka, mtambo umenikatikia, nikaingia kwenye kibanda cha Mshenga nikamwambia neno baya. Baya hasa, Somo, siwezi kulirudia mbele yako. Akacheka, akasema pole na kazi. Hidaya ninayemjua mimi angenirushia mwiko, halafu asingesema nami mpaka nikamlete shangazi yake aniombee msamaha." Akaketi karibu yangu. "Siku ile nilijua. Nilikaa kibandani najua kabisa kwamba huyu siye. Na kesho yake nikarudi."

"Kwa nini ulirudi?"

"Kwa sababu ilikuwa raha."

Mashine za maji zilikuwa zinanyunyizia nyanya.

"Ijumaa utakaa na mimi?" akaniuliza.

"Ndiyo kazi niliyopewa."

*

Chumba cha njia ya wazi kilikuwa kimewekwa maboksi ya vipuri, kwa jinsi kilivyokuwa hakitumiki. Tukayasogeza. Kuna kipaza sauti kimoja, kitufe cha kusema, na taa inayowaka ujumbe ukifika. Siku zile umbali ulikuwa wa dakika kumi na mbili kwenda, na nyingine kama hizo kurudi.

Taa ikawaka. Sauti ya mwanamke ikasema, "Kibwana."

Kibwana akanigeukia. "Huyu nani?"

Nilidhani hakusikia vizuri. Kisha nikamtazama usoni nikaelewa. Sauti ile ilikuwa nzito, ina mkwaruzo kidogo, ya mwanamke wa miaka thelathini na zaidi. Mshenga ilikuwa imemsoma mwaka wa harusi, na miaka yote ile ikambakisha palepale.

"Ni mkeo," nikamwambia. "Sikiliza."

"Kibwana, ni mimi Hidaya. Mzee Kingazi kaniambia nizungumze kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, basi naanza upya. Unaniuliza kila siku habari za machungwa. Michungwa ilishikwa na ugonjwa msimu wa pili tangu uondoke, tukaikata yote. Nilikwambia. Nilikuwa nalia nikikwambia, na wewe ukaniambia nikuchagulie lililo tamu. Siku ile nililala kwa mama. Mama naye kafa mwaka jana, sijui kama umelipata hilo. Nilipata rambirambi yako, nzuri sana, lakini ilikuwa nzuri mno, wewe huwezi kusema maneno yale. Mimi nimechoka. Nina miaka thelathini na tano. Nataka mtoto, nataka mtu wa kugombana naye jikoni. Rudi na chombo hiki, au niache niende zangu. Nijibu wewe mwenyewe."

Kibwana alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Mama kafa," akasema. "Yule mama alikuwa akinichukia, Somo. Kila nikienda kwao ananipikia, halafu anakaa ananitazama nikila."

Akaanza kulia, nami nikamwacha alie. Mkono wangu nilikuwa nimeuweka mgongoni kwake na sikuuondoa. Alilia kwa muda mrefu, kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati, akabonyeza kitufe kabla sijamuuliza anakwenda kusema nini.

"Hidaya. Nimekusikia. Kwanza poleni na msiba. Sikuambiwa, wallahi sikuambiwa. Mimi nimekupotezea miaka mitano. Ulikuwa unaniambia na mimi nilikuwa huku nastarehe na sauti yako ya zamani, na moyoni nilijua si wewe. Mtu aliyefanya hivyo hana haki ya kukwambia ungoje. Unataka uende zako, na mimi sitakuzuia. Nimekuacha, Hidaya. Talaka moja."

Akaachia kitufe. Alidhani anamtendea wema, na labda ndivyo. Lakini neno lile likishatoka limetoka, na lilikuwa limeshaondoka Mirihi.

Zilipita kama dakika tano, taa ikawaka tena. Kibwana akashtuka, akadhani ndilo jibu.

"Si jibu," nikamwambia. "Bado halijamfika lako. Hili kalisema kabla."

Sauti ya Hidaya safari hii ilikuwa ya chini, imelegea. "Kibwana, nimekaa hapa na Mzee Kingazi, tumengoja, na nimeona nimesema kwa ukali. Nilikuwa na hasira ya mwaka mzima, imetoka yote kwa mara moja. Nisikilize. Ukipanda chombo hiki mimi nitakungoja. Hata kama ni miezi saba ya safari nitakungoja, nimeshangoja mingi kuliko hiyo. Njoo tu."

Maneno yao yalikuwa yamepishana njiani. Lake la kungoja limefika huku, na talaka bado inakwenda kule.

Kibwana aliruka kutoka kitini, mkono kwenye kitufe. "Namrejea. Somo, talaka moja ina rejea, si ndiyo? Nikisema nimekurejea ndani ya eda, ndoa imerudi?"

"Imerudi. Hata asipotaka yeye."

"Basi nasema sasa hivi, ifike nyuma yake."

Nikamshika mkono. Mimi mwenyewe sijui nilitoa wapi ujasiri ule, maana haikuwa haki yangu. Ndoa si yangu, mke si wangu. Lakini nilimshika kwa nguvu.

"Mwache asikie kwanza," nikamwambia. "Miaka mitano kila neno lake limekuwa likifunikwa na lingine. Na wewe sasa unataka kulifunika lako kabla halijamfika. Mwache alisikie lote, aseme lake."

"Na akisema hapana?"

"Atakuwa kasema yeye."

Angeweza kunisukuma, mimi mtu mzima wa kiuno kibovu. Hakunisukuma. Akaketi.

Tulingoja kwenye maboksi yale ya vipuri. Akanihadithia siku ya posa, jinsi Mzee Kingazi alivyowaudhi kina Hidaya kwa kula halua yote kabla hajafungua mdomo, na jinsi Hidaya alivyochungulia dirishani akamtolea ulimi. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Nami nikamhadithia Salehe, jambo ambalo kazini huwa silifanyi. Tulimkumbuka kila mtu. Kwa muda ule hata mimi sikutaka taa iwake.

Ikawaka.

Kwanza ilikuwa pumzi tu, kisha mtu akimnong'oneza kitu, Mzee Kingazi nadhani, na Hidaya akimwambia niache, babu.

"Nimeisikia," akasema. "Nimelia hapa, watu wamenijazia mlango. Halafu, Kibwana, sijui nikwambieje, nimejiona nimepumua. Sauti yako imetetemeka. Umekosea kupanga maneno kama unavyokosea siku zote. Ni wewe. Tangu uondoke hili ndilo neno lako la kwanza kunifika, na ni la kuniacha." Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Lile nililosema nitakungoja, nilisema kweli wakati ule. Lakini sasa nakuomba usinirejee. Najua unaweza, ni haki yako, neno moja tu na mimi sina la kusema. Nakuomba usilitumie. Nimengoja miaka mitano bila kujua nangoja nini wala mpaka lini. Hii eda angalau ina mwisho. Niache niikae."

Taa ikazimika.

Kibwana alikitazama kitufe. Neno alikuwa nalo mdomoni, nililiona. Neno moja, na Hidaya angekuwa mkewe tena, awe anataka au hataki. Safari hii sikumshika mkono. Nilikaa tu pale nilipoahidi kukaa.

Akabonyeza.

"Nimesikia, Hidaya. Sikurejei. Chombo nitapanda. Sikupandii wewe, usijihesabu unadaiwa kitu. Nitafika eda imeshakwisha. Nikikuta umeolewa nitakuja kukupa hongera kwa mdomo wangu, na ukitaka kunirushia mwiko nitasimama. Kaa salama."

Akaachia kitufe, akaweka mikono mapajani. Nje kengele ya zamu ilikuwa inalia na watu wanapita kwenda kula. Nikainuka, nikamgusa bega, nikamwambia tumemaliza, tutoke, akapumzike, mizigo tutafunga kesho.

"Tangulia tu, Somo," akasema. "Neno langu bado halijafika."

Nikarudi nikakaa naye.